Sungura wa Mtoto Anapougua Sana

Kanzenze ni mojawapo ya sekta za wilaya ya Rubavu, kaskazini magharibi mwa Rwanda, katika eneo ambalo hadi mwaka 2006 lilikuwa mkoa wa Gisenyi. Mahali hapo hapakosi baridi. Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, liko bondeni. Kanzenze iko juu yake, katika nyanda za volkano, na upande wa kaskazini husimama mlima Karisimbi wenye urefu wa mita 4,507. Udongo wake ni mweusi na wenye rutuba, na wakulima hupanda viazi mviringo, maharage na mahindi. Asubuhi nyingi huanza kwa ukungu na umande mzito.

Katika nyua za eneo kama hilo si ajabu kukuta kibanda cha mbao kilichoinuliwa juu ya miguu minne, na ndani yake sungura. Kwa Kinyarwanda sungura huitwa urukwavu. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukizipatia familia zenye kipato kidogo ng'ombe mmoja mmoja; lakini ng'ombe huhitaji malisho mengi na nguvu ya mtu mzima. Sungura huhitaji nyasi kidogo na mkono wa mtoto. Kwa hiyo mara nyingi sungura ndiye mnyama wa kwanza ambaye mtoto hupewa na kuambiwa, "Huyu ni wako." Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na watoto wake wakiuzwa hupatikana fedha za madaftari na kalamu. Wengine hawachinjwi kabisa. Hupewa jina, hukaa nyumbani kama wenzi wa watoto, na wakitunzwa vyema huweza kuishi miaka 8 hadi 10.

Kwa sababu hiyo, sungura anapougua sana, nyumbani huingia jambo lisilo dogo. Aghalabu huwa hivi: baba yuko lindoni, au yuko mbali katika ulinzi wa amani. Mama ameamka mapema kuwasha moto. Mtoto huenda kibandani na nyasi mkononi, kisha hurudi mbio akisema kwamba nyasi za jana hazikuguswa. Kuanzia dakika hiyo, mama ndiye mwuguzi, na atakayofanya katika saa chache zijazo huweza kuamua kama mnyama ataishi au atakufa.

Sungura huficha maradhi

Katika maumbile sungura ni windo la wanyama wengine, na windo linaloonyesha udhaifu hukamatwa upesi. Ndiyo maana sungura huficha maumivu yake mpaka yamzidi. Mwenye kumtunza asisubiri kilio. Sungura hulia kwa nadra sana. Yampasa aangalie mambo matatu: chakula, kinyesi na mkao.

Sungura mzima hula karibu kutwa nzima na usiku, na kinyesi chake ni vidonge vya mviringo, vikavu, vinavyolingana ukubwa. Vidonge vikipungua, vikiwa vidogo kama punje za mtama, au vikitoweka kabisa, tumbo limeanza kusimama. Sungura aliyejikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, akisaga meno kwa sauti, ana maumivu. Masikio yakiwa baridi sana, pengine joto la mwili limeshuka. Joto la kawaida la sungura ni kati ya digrii 38.5 na 40. Likishuka chini ya 38 hali ni ya hatari.

Tumbo la sungura halikuumbwa kukaa tupu. Chakula chake huchachushwa katika utumbo kipofu, ambamo hukaa vijidudu vyenye manufaa vinavyoyeyusha nyuzi za majani. Asipokula, utumbo husimama, gesi hujaa, maumivu huongezeka, na kwa ajili ya maumivu hayo hazidi kula. Ini nalo huanza kujaa mafuta. Tena sungura hawezi kutapika. Kwa hiyo sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Asingojewe mpaka kesho.

Chanzo huenda kiko shambani

Kabla ya kutafuta dawa, yafaa mama amwulize mtoto swali moja kwa upole: nyasi za jana zilikatwa wapi? Swali hili lina uzito katika nchi ya viazi. Majani ya kiazi mviringo, machipukizi yake, na kiazi chenyewe kilichogeuka kijani vina sumu iitwayo solanini. Mtoto aliyeona majani mabichi yamestawi hawezi kujua hayo asipofundishwa.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Viazi hupigwa dawa kuzuia baa la ukungu, na magugu yaliyo katikati ya matuta hupata dawa ileile. Mtoto akiyang'oa jioni na kuyapeleka kibandani, amebeba sumu bila kujua. Ikishukiwa hivyo, chakula chote kiondolewe, na mgonjwa apelekwe kwa bwana mifugo pamoja na kipande cha mmea alioula na jina la dawa iliyopigwa. Mtoto asikaripiwe. Akiogopa fimbo ataficha ukweli, na ukweli huo ndio utakaomsaidia mganga.

Chanzo kingine ni mabadiliko ya ghafla ya chakula. Maganda ya viazi, mabaki ya ugali, mkate na unga wa mahindi humpendeza sungura, lakini huchacha upesi tumboni. Nyasi zilizokatwa na umande na kurundikwa zikapata joto nazo huweza kumletea gesi. Nyasi za asubuhi zafaa zitandazwe kivulini, zinyauke kidogo, kisha ndipo apewe.

Maradhi yanayotokea mara nyingi

Kuhara kwa sungura wachanga, hasa waliotoka kuachishwa ziwa, mara nyingi husababishwa na vijidudu vya koksidia. Tumbo huvimba, mgongo hukonda, na wengine hufa kabla ya kuonekana dalili yoyote. Vijidudu hivi hutoka katika kinyesi, na huhitaji unyevu na siku chache ili viweze kuambukiza. Kwa hiyo kufagia kibanda kila siku na kukiweka kikavu ni nusu ya tiba. Nusu nyingine ni dawa, hasa za jamii ya salfa, ambazo kipimo chake hutolewa na mtaalamu.

Mafua yenye makamasi mazito meupe, na miguu ya mbele iliyolowa kwa kujifuta pua, mara nyingi hutokana na bakteria wa pasterela. Ugonjwa huu hustawi katika kibanda chenye harufu kali ya mkojo na moshi. Sungura hupumua kwa pua. Pua ikiziba, huacha kula. Mgonjwa huyo atengwe na wenzake.

Magaga ndani ya masikio, au upele puani na kwenye vidole, huletwa na utitiri. Dawa ya ivamektini huuponya, na sindano hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Lakini chupa inayouzwa madukani imetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Sungura wa kilo 3 huhitaji sehemu ndogo sana ya mililita moja, na mkono uliozoea ng'ombe huweza kumwua. Kupaka oili chafu ya gari, kama wafanyavyo wengine, hakufai hata kidogo. Sungura hujilamba manyoya yake, na oili hiyo huingia tumboni.

Yuko pia mgonjwa anayetamani chakula, akakishika mdomoni, kisha akakiangusha. Kidevu chake huwa kimelowa mate. Huyo atazamwe meno. Meno ya sungura hayakomi kukua. Yale ya mbele huongezeka milimita 2 au zaidi kwa wiki, na yasiposagwa kwa nyasi hupinda na kuchoma mdomo. Yasikatwe kwa koleo, kwani jino hupasuka mpaka kwenye mzizi. Kazi hiyo ni ya mganga mwenye chombo chake.

Mwisho kuna homa ya kutoka damu ya sungura. Ilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini China mwaka 1984, na aina yake mpya ilionekana Ufaransa mwaka 2010. Virusi vyake havimdhuru binadamu, lakini huweza kuangamiza banda zima kwa siku mbili tatu, pengine damu ikitoka puani. Chanjo ipo katika baadhi ya nchi, tiba haipo. Sungura wengi wakifa ghafla kwa pamoja, mizoga isiguswe kwa mikono mitupu, sungura wasihamishwe wala kuuzwa, na habari ipelekwe kwa uongozi siku hiyohiyo.

Dawa ya mtu si dawa ya sungura

Katika nyumba nyingi hakukosekani vidonge vilivyobaki kutoka hospitali. Usiku ukiwa mrefu na mtoto analia, mama huona heri ajaribu. Hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea. Amoksisilini, ampisilini na penisilini zikitolewa kwa mdomo, pamoja na klindamaisini, huua vijidudu vyema vya utumbo kipofu. Vile vibaya hubaki peke yao, hutoa sumu, na sungura aliyekuwa na mafua tu huharisha na kufa baada ya siku chache. Mama aliyetoa dawa hiyo kwa huruma hajui kamwe kwamba si mafua yaliyomwua mnyama. Vilevile, dawa ya matone yenye fipronili, ambayo huwekwa mbwa na paka dhidi ya viroboto, haifai kwa sungura.

Maumivu nayo yana dawa yake. Daktari wa mifugo huweza kutoa meloksikamu, na mara nyingi sungura aliyepunguziwa maumivu huanza kula mwenyewe. Kipimo kikadiriwe na daktari kwa uzito wa mnyama.

Zamu ya kuuguza

Yako mambo ambayo nyumba yaweza kuyafanya wakati msaada unatafutwa. La kwanza ni joto. Sungura mzima huvumilia baridi ya Kanzenze kuliko jua kali, bali mgonjwa hupoteza joto upesi. Awekwe katika sanduku lenye nyasi kavu, ndani ya nyumba, mahali pasipo upepo wala kelele. Chupa ya maji ya moto ifungwe kwa kitambaa na kuwekwa ubavuni pake, akiachiwa nafasi ya kujisogeza akiona joto limezidi. Asiwekwe kamwe karibu na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu, nayo huua sungura na waliolala chumbani pamoja naye.

La pili ni kumshika vizuri. Asibebwe kwa masikio. Mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine ushike makalio, kwa kuwa sungura akipiga mateke miguu yake ikining'inia huweza kujivunja uti wa mgongo. Mgonjwa azungushiwe taulo, kichwa kikibaki nje.

La tatu ni maji na chakula. Kwanza tumbo lipapaswe polepole. Likiwa gumu na limekaza kama ngoma, asilazimishwe kula kitu, maana huenda utumbo umeziba; huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari. Likiwa laini, apewe maji safi ya vuguvugu kwa bomba dogo la sindano lililoondolewa sindano yake. Sungura huhitaji kwa siku maji yapatayo mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na yale yaliyo katika majani mabichi.

Kama anamudu kumeza, afanyiwe uji mwepesi wa nyasi kavu zilizotwangwa na kuchekechwa, au chakula cha punje cha sungura kilicholowekwa, uliochanganywa na maji ya vuguvugu. Ncha ya bomba iingizwe pembeni mwa mdomo, katika pengo lililo nyuma ya meno ya mbele. Apewe mililita 1 kwa mara moja, amalize kutafuna ndipo aongezwe. Kichwa kisiinuliwe juu, uji usije ukaingia mapafuni. Kwa mlo mmoja mililita 10 kwa kila kilo ya uzito zatosha, na milo iwe minne hadi sita kwa siku, usiku ukiwemo. Sukari, maziwa na uji wa unga wa mahindi visitumiwe. Kando yake pawekwe nyasi nzuri na jani analolipenda, ili hamu ikirudi akute chakula tayari.

La nne ni daftari. Familia za askari zajua maana ya zamu na kitabu cha matukio. Mgonjwa huyu naye awe na ukurasa wake: saa aliyolishwa, mililita alizomeza, mkojo, idadi ya vidonge vya kinyesi, na uzito wa kila asubuhi. Kaka mkubwa aweza kushika zamu ya saa nne usiku, na mama ile ya saa kumi alfajiri. Mwenye sungura, hata kama ni mdogo, apewe kazi ya kuhesabu vidonge. Kazi hiyo humtuliza, na hesabu yake ina thamani kubwa mbele ya daktari. Vidonge vinne vilivyotoka alfajiri, baada ya usiku usio na hata kimoja, ni habari njema nyumbani.

Baada ya kila zamu mikono ioshwe kwa sabuni. Mapunye na aina fulani ya utitiri huhama kutoka kwa sungura na kuingia katika ngozi ya watu, watoto kwanza.

Kwa bwana mifugo

Nchini Rwanda kila sekta huwa na afisa anayeshughulikia mifugo, na huyo ndiye wa kupigiwa simu kwanza. Wapo wanaoona haya kumsumbua mtaalamu wa ng'ombe kwa ajili ya sungura mmoja. Haya hiyo haina msingi. Ugonjwa ulioanzia katika kibanda kimoja huweza kuwa wa kijiji kizima, na mtaalamu hawezi kuzuia asichoambiwa. Akipelekwa, mgonjwa asafirishwe ndani ya kasha lenye matundu na nyasi kavu, lililofunikwa dhidi ya mvua na upepo, pamoja na daftari lile. Daktari aulizwe pia ni siku ngapi zipite baada ya dawa kabla nyama ya mnyama huyo kuliwa, ikiwa ni wa kufugwa kwa nyama.

Uuguzi usipofaulu

Hapana budi kusema kweli: wapo ambao hawaponi, hata wakiuguzwa vyema. Sungura aliyelala ubavu, mwenye mwili wa baridi, asiyeitika akiguswa, anayepumua kwa kinywa, amefika ukingoni. Kumlisha kwa nguvu wakati huo ni kumwongezea adha. Daktari akishauri apumzishwe, ushauri huo si ukatili, na mzazi asione kwamba amemsaliti mtoto.

Mtoto aambiwe ukweli kwa maneno machache. Asidanganywe kwamba sungura ametoroka au amepewa mtu, kwa maana siku moja atajua, na atakumbuka kwamba alidanganywa na nani. Baba aliye mbali aweza kupigiwa simu azungumze naye. Dakika tano za sauti ya baba zinazomwambia kwamba alifanya kazi yake yote zina uzito katika usiku kama huo.

Nyama ya sungura aliyekufa kwa maradhi au aliyekuwa akipewa dawa isiliwe, hata kama nyumba ina uhitaji. Mzoga uzikwe kina cha nusu mita au zaidi, mbali na kisima na mfereji, mahali ambapo mbwa hawatafukua. Kibanda kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kianikwe juani, nacho kikae kitupu kwa muda kabla ya kuingizwa mwingine.

Akipona

Aliyeanza kula bado ni mgonjwa kwa siku kadhaa. Nyasi na majani makavu yawe ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake, na majani mabichi yarudishwe kidogo kidogo. Maji yabadilishwe kila siku, sakafu ifagiliwe, na upande unaopigwa na upepo ufunikwe bila kuziba hewa. Nyasi zikatwe mbali na viazi, na mtoto aonyeshwe kwa kidole mahali penyewe, na majani ya kuyaepuka ayajue kwa sura yake.

Daftari nalo lisitupwe. Ukurasa wa kwanza uliandikwa usiku wa hofu. Kurasa zinazofuata ziandikwe mara moja kwa wiki: uzito, chakula, hali ya meno na masikio. Mtoto wa Kanzenze anayeandika hivyo atauona ugonjwa unaofuata siku mbili kabla ya mtu mzima, na kwa sungura siku mbili ni muda mrefu.